Bomba Lisilo na Mwenyewe

Nchini Marekani, Januari ndiyo mwezi ambao mashine za kukaushia nguo, yaani draya, huwasha moto majumbani kuliko mwezi mwingine wowote. Shirika la serikali kuu linaloshughulikia masuala ya moto, U.S. Fire Administration, lilipitia taarifa za zimamoto za miaka ya 2008 hadi 2010 na kukadiria kwamba kila mwaka matukio 2,900 hivi ya moto wa majumbani yalianzia kwenye draya. Matukio hayo yaliua watu 5, yakajeruhi 100 na kuteketeza mali ya dola milioni 35. Chama cha NFPA, ambacho huandika kanuni nyingi za kinga ya moto zinazofuatwa nchini humo, kina hesabu kubwa zaidi: kwa miaka ya 2010 hadi 2014 kilikadiria matukio 15,970 kwa mwaka, yakiwemo ya mashine za kufulia, na asilimia 92 ya hayo yalitokana na draya. Taasisi hizi mbili hazihesabu kwa njia moja, ndiyo maana tarakimu zimepishana sana. Zinapokutana ni kwenye chanzo. Zote zinasema kinachoongoza ni mashine kutosafishwa: asilimia 34 kwa hesabu ya serikali, na karibu theluthi moja kwa hesabu ya NFPA.

Ukiisoma takwimu hiyo haraka, lawama inamwangukia aliyefua. Angesafisha chujio, nyumba isingeungua. Na kweli chujio lazima lisafishwe, kila mara, bila kusubiri lijae. Lakini chujio ni sehemu ndogo ya njia ambayo hewa ya moto hupita, na ndiyo sehemu pekee ambayo mtumiaji anaiona na kuifikia kwa mkono wake. Nyuma yake kuna bomba linalopita ukutani, darini au chini ya sakafu hadi nje ya nyumba. Kiwanda kinasema kazi yake imeishia mgongoni mwa mashine. Mjenzi alishakabidhi jengo akaondoka. Mwenye nyumba anajua kuna bomba, ila hakumbuki lini lilifunguliwa mara ya mwisho. Mpangaji hajui hata linatokea upande gani. Kwa maoni yangu hapo ndipo tatizo lilipo, na kampeni zinazoishia kwenye chujio zimeligusa nusu tu.

Tuanze na mashine yenyewe. Ngoma inazungusha nguo, feni inavuta hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye koili ya umeme iliyowiva kwa moto, au kwenye ndimi za gesi. Hewa hiyo inaingia kwenye ngoma, inabeba unyevu wa nguo, kisha inasukumwa nje. Draya ya kawaida ya umeme ya Kimarekani inatumia volti 240 na wati 5,000 na ushei, yaani umeme wa pasi nne zilizowashwa kwa pamoja. Nguo za mzigo mmoja, hata zikiwa zimekamuliwa vizuri, bado zina maji kama lita mbili, na maji yote hayo hupita kwenye bomba yakiwa mvuke. Pamoja na mvuke hupita nyuzinyuzi zinazopukutika kutoka kwenye nguo kila zinaposuguana. Kanga, shuka, taulo na fulana za pamba ndizo zinazopukutisha zaidi.

Vumbi hilo la nguo linashika moto upesi mno. Pamba ni selulosi, na selulosi iliyochambuka kuwa nyuzi nyembamba hivyo inazungukwa na hewa pande zote, kwa hiyo cheche ndogo inatosha. Wapiga kambi wa Marekani hulikusanya wakaenda nalo porini kuwashia kuni. Chujio linakamata sehemu kubwa yake, lakini si lote. Linalobaki huenda sehemu mbili: jingine linaingia ndani ya bodi ya mashine na kutua sakafuni, karibu na koili, na jingine linasafiri na hewa hadi kwenye bomba.

Mwaka 2003 Tume ya Marekani ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, CPSC, ilichapisha ripoti ya majaribio yaliyofanywa kwa draya za umeme ili kujua vumbi hilo huwakaje. Kilichoonekana ni mnyororo. Vumbi lililo karibu na koili linashika moto, feni inalivuta likiwa kaa, linapita kwenye ngoma yenye nguo, na likifika kwenye bomba lililotandwa na vumbi jingine linapata chakula cha kutosha. Ndiyo sababu bomba chafu linageuza tukio dogo la ndani ya mashine kuwa moto wa nyumba. Moto unaotembea ndani ya ukuta hauonekani na mtu aliyekaa sebuleni hadi moshi uanze kutoka mahali asipotarajia.

Kuna athari nyingine inayotangulia moto kwa miezi, na watu wengi huiona bila kuitambua. Bomba likisongwa, hewa haitoki kwa kasi inayotakiwa, joto linabaki ndani, na kidhibiti joto cha usalama kinakata umeme wa koili. Mashine ikipoa kinaurudisha, kisha kinaukata tena. Nguo zilizokuwa zinakauka kwa dakika 50 sasa zinahitaji kurudiwa mara mbili. Kidhibiti hicho hakikutengenezwa kufanya kazi hiyo mchana kutwa. Kazi yake ni kuokoa siku ya hatari. Baadaye fyuzi ya joto inaungua na mashine haipashi tena, na kwa baadhi ya mashine haiwaki kabisa. Fundi anaitwa, anaweka fyuzi mpya ya dola chache, mashine inawaka, kila mtu anafurahi. Fyuzi iliyoungua ilikuwa imefanya kazi yake, na ilikuwa inaeleza jambo. Fundi anayeibadilisha bila kupima hewa inayotoka kwenye bomba hajatengeneza kitu. Anayeiunganisha kwa waya ili kuikwepa ameondoa kinga ya mwisho kati ya koili na pamba.

Sasa turudi kwenye bomba, kwa sababu hapo ndipo kanuni za ujenzi zinaeleza mengi kuliko maelezo yaliyobandikwa kwenye mashine. Kanuni ya kimfano ya nyumba za kuishi, International Residential Code, ambayo majimbo mengi ya Marekani yameichukua pamoja na marekebisho yao, inataka bomba la draya liwe la chuma, laini ndani, kipenyo inchi 4, yaani sentimita 10 hivi. Urefu wake usizidi futi 35, kama mita 10.7, isipokuwa kiwanda cha mashine kimeelekeza vingine. Kila kona ya nyuzi 90 inapunguza futi 5 kwenye urefu huo, maana hewa ikigonga kona inapoteza kasi na vumbi linapata mahali pa kutua. Skurubu zinazounganisha vipande zisichomoze ndani zaidi ya milimita 3, kwa kuwa ncha ya skurubu inanasa nyuzi, na nyuzi zikishanasa zinanasa nyingine. Mdomo wa nje usiwekewe wavu. Wavu unaziba haraka. Badala yake uwe na kifuniko kinachofunguliwa na hewa ikitoka na kujifunga ikikatika, ili ndege na panya wasiingie.

Piga hesabu ya nyumba moja. Bomba linatoka mgongoni mwa mashine, linapinda kuingia ukutani, linapinda kupanda juu, linapinda darini, linapinda tena kutoka nje. Kona nne zimekula futi 20. Urefu unaoruhusiwa umebaki futi 15, chini ya mita 5. Draya iliyo katikati ya nyumba haifiki nje kwa mita 5.

Na draya zimehamia katikati ya nyumba. Zamani mashine zilikaa chini kabisa, kwenye chumba kilichopakana na ukuta wa nje, na bomba lilikuwa fupi kama mkono. Familia zikataka mashine karibu na vyumba vya kulala, ghorofani, kwenye kabati la ujiani, jirani na bafu. U.S. Fire Administration yenyewe imeonya kwamba mtindo huo umefanya mabomba kuwa marefu, yenye kona nyingi na magumu kufikika. Mabaya kuliko yote ni yale yanayotokea juu ya paa. Hewa yenye mvuke inapanda, wakati wa baridi mvuke unageuka maji njiani, maji yanateremka na kukutana na vumbi linalopanda, na vyote viwili vinagandamana kwenye kona ya chini. Mkazi hawezi kuona mdomo wa bomba lake bila ngazi. Januari inapofika, na majaketi na mablanketi yanafuliwa, na hewa ya nje ni barafu, bomba hilo ndilo linaloelemewa.

Kipande kinachounganisha mashine na ukuta nacho kina habari yake. Vuta draya mbele uone. Mara nyingi utakuta bomba la foili lenye mikunjo, refu kuliko nafasi iliyopo, limebanwa na mashine iliyosukumwa hadi ukutani. Upande mmoja limekuwa bapa. Kwenye sehemu iliyolegea kuna tumbo, na ukiliinua lina uzito usiotarajiwa. Ukilichomoa, nyuzi za rangi ya kijivu zenye buluu kidogo, rangi ya nguo zote za nyumba zikichanganywa, zimejipanga kwenye kila mkunjo. Za juu ni kavu na nyepesi, za chini zimelowa na kushikana kiasi cha kumenyeka kama ganda la chungwa. Katika nyumba za zamani utakuta bomba jeupe la plastiki, ambalo halifai kabisa, kwa kuwa moto ukitokea linaungua lenyewe. Kanuni inaruhusu kipande kinachopindika kisichozidi futi 8, kilichothibitishwa kwa kazi hiyo, na hairuhusu kabisa kukificha ndani ya ukuta. Bora zaidi ni kipande cha alumini ngumu, kifupi, kilichonyooka.

Hayo yote hayamhusu anayemwaga vumbi la chujio kila jioni. Urefu wa bomba, idadi ya kona, skurubu, wavu wa nje, tumbo la foili, vyote vilikuwepo kabla hajahamia.

Uingereza inaonyesha upande mwingine wa jambo hili, upande wa kiwanda. Novemba 2015 kampuni ya Whirlpool, iliyokuwa imeinunua Indesit mwaka uliotangulia, ilitangaza kwamba draya zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015 kwa majina ya Hotpoint, Indesit, Creda, Swan na Proline zilikuwa na kasoro: vumbi la nguo liliweza kufika kwenye koili na kuwaka. Mashine zaidi ya milioni 5 zilikuwa zimeuzwa. Wateja walisubiri mafundi kwa miezi mingi, na wakati wanasubiri waliambiwa wanaweza kuendelea kuzitumia mradi wasiziache peke yazo. Tarehe 19 Agosti 2016 moto ukazuka kwenye fleti moja ya jengo refu la Shepherd's Court, magharibi mwa London. Wazimamoto 120 walikwenda. Hakuna aliyekufa, lakini familia zilipoteza makazi, na zimamoto wa London walithibitisha kwamba chanzo kilikuwa draya ya Indesit, mojawapo ya zile zilizokuwa zikisubiri kurekebishwa. Ushauri wa kampuni ulikuja kubadilika Februari 2017, wateja wakaambiwa wachomoe plagi na wasiziguse. Kurejeshwa rasmi kwa mashine zipatazo 500,000 ambazo hazijarekebishwa kulianza Julai 2019, baada ya serikali kuonyesha kwamba ingelazimisha. Hadi hapo, matukio yasiyopungua 750 ya moto yalikuwa yamehusishwa na mashine hizo.

Nimelieleza tukio hilo kwa urefu kwa sababu linavunja imani kwamba usafi wa mtumiaji unatosha. Nyingi ya draya za Uingereza hazina hata bomba la ukutani. Zinageuza mvuke kuwa maji na kuyakusanya kwenye tangi. Mtu aliyesafisha chujio lake kwa uaminifu miaka kumi alikuwa na hatari ileile aliyokuwa nayo jirani yake mzembe, kwa kuwa njia ya vumbi kwenda kwenye koili ilikuwa imejengwa ndani ya mashine. Kinga yake ilikuwa namba ya modeli, na kampuni iliyo tayari kusema mapema. Kwa hiyo mwenye draya yoyote, popote alipo, asajili mashine yake kwa kiwanda, na anayenunua iliyotumika atafute kwanza kama modeli hiyo imewahi kurejeshwa.

Waswahili wanaingia katika habari hii kama wapangaji zaidi kuliko kama wamiliki. Fikiria familia iliyotoka kambi ya Nyarugusu huko Kigoma au ile ya Kakuma nchini Kenya ikafikia Lexington, Kentucky, ambako Wakongo wanaozungumza Kiswahili wamekuwa jamii kubwa. Wanakabidhiwa fleti yenye mashine mbili ndani ya kabati. Wanaelekezwa jiko, kipasha joto, king'ora cha moshi, namba 911. Draya wanaoneshwa kitufe cha kuwashia. Familia ni kubwa, watoto ni wengi, mashine inazunguka karibu kila siku, na vumbi linajaa kwa kasi ambayo aliyeandika ratiba ya matengenezo hakuiwaza. Nguo zikichelewa kukauka, wanadhani mashine ni kuukuu, wanaongeza muda. Hakuna kosa lolote walilofanya, na hata hivyo kila dakika wanayoongeza inalisogeza jambo karibu na hatari.

Wengi wao wangependa kuanika. Lakini mikataba mingi ya fleti na vyama vya wamiliki wa nyumba nchini humo vinakataza nguo kuonekana barazani, eti zinashusha hadhi ya mtaa. Baadhi ya majimbo yameamua kumlinda mwanikaji. Florida ilitangulia zamani, Maine na Vermont zikafuata mwaka 2009, na California mwaka 2015 ikampa mpangaji haki ya kutundika kamba kwenye eneo lake binafsi, ingawa sheria hiyo haihesabu uzio wa roshani kuwa kamba. Nyingi ya sheria nyingine zililenga masharti ya vyama vya wamiliki, si mikataba ya kupanga. Matokeo ni kwamba mtu mwenye jua kali la Houston mlangoni mwake analazimika kukausha kanga kwa wati 5,000. Naliona jambo hili kuwa la usalama hasa, kuliko la mapambo au hata la gharama ya umeme. Kila mzigo unaokaushwa na jua ni vumbi ambalo halikuingia kwenye bomba.

Wengine wameona njia ya mkato: kisanduku cha plastiki chenye maji kinachouzwa kwa bei ndogo, unaunganisha bomba la draya hapo, hewa inatokea humohumo chumbani. Kwa draya ya gesi hilo ni jambo la kufisha, maana gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, inamwagwa ndani ya nyumba. Kwa draya ya umeme jambo hilo haliui kwa namna hiyo, lakini lita mbili za maji kwa kila mzigo zinakwenda ukutani na darini kuzaa ukungu, na vumbi linabaki ndani ya nyumba.

Kusafisha kwenyewe kunafanywaje? Chujio husafishwa kila mzigo. Kila baada ya wiki kadhaa lioshwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, hasa katika nyumba zinazotumia karatasi za kulainisha nguo, ambazo huacha utando usioonekana kwenye matundu. Namna ya kuujua utando huo ni kumimina maji juu ya chujio: yakipita, ni safi, yakitulia juu kana kwamba hakuna matundu, hewa nayo haipiti. Tundu linamokaa chujio lipitishiwe brashi ndefu na mdomo mwembamba wa mashine ya kufyonza vumbi.

Bomba ni kazi ya mara moja kwa mwaka angalau. U.S. Fire Administration inashauri kila miezi mitatu, na kwa familia ya watu wanane naungana nayo. Chomoa plagi kwanza. Ikiwa ni ya gesi, usiivute mashine wewe mwenyewe. Mrija wa gesi ukipasuka utakuwa umekimbia moto na kukaribisha mlipuko, mwachie fundi. Kwa ya umeme, ivute mbele, fungua kibano, tenganisha bomba pande zote mbili. Brashi zake zinauzwa zikiwa na fimbo zinazounganishwa moja baada ya nyingine na kuzungushwa kwa drili. Hapa kuna jambo moja ambalo mafundi wanaojua hulisema kabla ya mengine yote: zungusha kuelekea kulia tu. Ukigeuza drili kushoto, fimbo zinafunguka zenyewe, brashi inabaki katikati ya ukuta, na sasa una kizuizi kikubwa kuliko ulichokuja kuondoa. Unasukuma kidogo, unavuta, unafyonza, unaongeza fimbo. Baadaye unatoka nje kusafisha mdomo wa bomba kwa mkono, na kama ni majira ya kuchipua unatazama kama ndege hajajenga. Viungo vinafungwa kwa tepu ya foili. Tepu ya kitambaa gundi yake hukauka kwa joto na kuachia. Mwisho unawasha mashine bila nguo na kutoka nje tena: kifuniko kiwe kimefunguka wazi, na hewa uisikie usoni ukiwa umesimama hatua moja. Bomba refu la ghorofani au la paani mwachie mtaalamu. Marekani kuna mafundi wanaothibitishwa kwa kazi hiyo na taasisi ya usalama wa dohani, Chimney Safety Institute of America.

Vumbi si kisa pekee, na hili linazihusu hoteli zetu za pwani moja kwa moja, kuanzia Nungwi hadi Diani, ambazo zina draya kubwa za dobi na vyumba vya kukandwa mwili. Taulo lililoshika mafuta halitoki safi kwa kufuliwa mara moja. Mafuta ya mimea yanayobaki kwenye nyuzi huungana na oksijeni na kutoa joto yenyewe, bila kiberiti wala cheche. Draya inayapasha, taulo zinatolewa zikiwa za moto, zinakunjwa na kurundikwa kwenye kapu, joto linakosa pa kutokea, na saa kadhaa baadaye, dobi ikiwa imefungwa na wafanyakazi wamelala, rundo linaanza kufuka moshi katikati. Mafuta ya kitani ni hatari kuliko yote, ya alizeti na ufuta yanafuata, ya nazi yana hatari ndogo zaidi. Vitambaa vya jikoni navyo vimo humo. Kinga ni kufua kwa maji ya moto na sabuni inayokata mafuta, kurudia ikiwa harufu ya mafuta bado ipo, kuanika juani taulo zilizolowa mafuta sana, na kutokatisha kamwe ile awamu ya mwisho ambayo mashine inazungusha nguo kwa hewa baridi. Msimamizi anayewahimiza vijana watoe taulo mapema kwa sababu wageni wamejaa anapaswa kuelezwa awamu hiyo ni ya nini. Na taulo zikitoka zitandazwe zipoe kabla ya kukunjwa.

Moto ukishaanza ndani ya draya, mkono unakwenda mlangoni kutaka kuokoa nguo. Uzuie. Mlango uliofungwa unaunyima moto hewa. Tangu Machi 2013 kiwango cha UL 2158, kinachotumika kupima draya za umeme Marekani, kinadai mashine mpya iweze kuudhibiti ndani yake moto wa namna hiyo, na udhibiti huo unategemea mlango ubaki umefungwa. Kata umeme kwenye swichi kuu kama unaifikia bila kupita kwenye moshi, funga mlango wa chumba, toa watu wote nje, piga simu. Kwa sababu hiyohiyo draya isiachwe ikizunguka watu wakiwa wamelala au wametoka. Ni kanuni ngumu kwa mtu wa zamu ya usiku anayerudi nyumbani alfajiri, ananuia kufua huku akisinzia. Hata hivyo siwezi kuilegeza.

Teknolojia nayo imesogea. Draya zinazotumia pampu ya joto, zilizozoeleka Ulaya na sasa zinauzwa Marekani pia, hukausha kwa joto la chini, hazina koili inayowiva, na hazihitaji bomba la kwenda nje. Kwa fleti ambayo bomba lake ni refu na halifikiki, huo ndio ufumbuzi ninaouona wa kweli, ingawa bei yake ni kubwa na nguo huchukua muda zaidi. Nazo zinakusanya vumbi kwenye vichujio vyake, zinahitaji kusafishwa, na zikisahauliwa hukausha vibaya. Lakini hazina mita kumi za ukuta zilizojaa pamba.

Hadi hizo zienee, lazima mtu atajwe kuwa mwenye bomba. Katika nyumba ya kupanga mtu huyo ni mwenye nyumba, kwa kuwa bomba ni sehemu ya jengo kama ilivyo paa. Mpangaji aombe kwa maandishi, aweke tarehe, aeleze nguo zinachukua muda gani kukauka, apige picha ya kifuniko cha nje kisichofunguka, na ahifadhi nakala. Katika majimbo mengi ya Marekani sheria inamkataza mwenye nyumba kumlipizia kisasi mpangaji aliyeomba matengenezo au aliyemwita mkaguzi, na wapangaji wengi wageni hawajaambiwa hivyo. Ombi moja lililosainiwa na wapangaji wa ngazi nzima lina uzito kuliko simu kumi za mtu mmoja, na ikiwa mabomba ya fleti kadhaa yanaungana kabla ya kutoka nje, hakuna atakayelisafisha lake bila wenzake. Anayetafuta nyumba afanye mapema zaidi: kabla ya kuweka sahihi, aulize bomba linatokea wapi na lilisafishwa lini, aombe draya iwashwe, kisha atoke nje akalitazame. Kama mwenye nyumba hajui linapotokea, swali hilo liandikwe kwenye mkataba, pamoja na tarehe ambayo litakuwa limejibiwa.